Mwiba na Mguu Uliokutangulia

Sogea karibu, mjukuu wangu, nikusimulie habari ya mwiba.

Unakimbiza mpira pekupeku. Mara, mwiba wa mgunga umezama kwenye unyayo wa kulia! Kabla hujasema “aa!”, mguu umekwisha ruka juu. Na wa kushoto? Umejikaza, umebeba mwili mzima usije ukaanguka. Nani aliyeiambia miguu yako la kufanya? Si wewe. Wewe hukuwa hata na habari.

Pitisha vidole katikati ya mgongo wako. Vinundu unavyovigusa ni pingili za uti wa mgongo. Ndani yake mna njia kama bomba, na humo umelala ugwe wa mgongo, laini, mnene kama kidole chako cha mwisho. Kwa mtu mzima una urefu wa sentimita 45 hivi. Hapo hutoka jozi 31 za neva, zikaenda mikononi, kifuani, tumboni, hadi ncha za vidole vya miguu.

Mwiba ulipochoma, neva za unyayo zilipeleka habari mbio hadi kwenye ugwe. Ugwe haukungoja ruhusa ya ubongo. Palepale uliiamuru misuli ya mguu wa kulia ikunje, na ya kushoto ikaze. Neva zenye kasi kubwa hupeleka ujumbe kama mita 100 kwa sekunde moja. Mkimbiaji Usain Bolt, kwa umbali huohuo, alitumia sekunde 9.58. Habari ya maumivu hufika kwenye ubongo baadaye kidogo, ndipo unapopiga yowe.

Lakini mwiba ungali mguuni, na kuutoa kunahitaji ubongo. Unakaa chini, unakunja goti, unapeleka mkono wa kulia. Amri ya mkono huo inatoka upande wa kushoto wa ubongo, kwa sababu njia nyingi za amri hupishana pale ubongo unapokaribia shingo. Kisogoni, kwa chini, kuna serebelamu, ubongo mdogo unaopima kila mwendo: vidole visogee kiasi gani, vibane kwa nguvu ipi. Bila huo, mkono ungeyumba ukaupita mwiba.

Unavuta. Inauma! Mguu unataka kuruka tena, lakini safari hii hauruki. Ubongo umeuambia ugwe, “Tulia kwanza,” na ugwe umetii. Ugwe una wepesi, ubongo una busara. Unawahitaji wote wawili.

Sasa nisikilize vizuri. Amri zote za miguu hupita katika ugwe ule mwembamba. Ukikatika, ubongo utasema “tembea,” na miguu isisikie. Kwa hiyo mwenzako akianguka kutoka mwembeni au akigongwa na pikipiki, akalalamika shingo au mgongo, au akasema haihisi miguu yake, usimvute wala usimwinue akae. Mwambie asijitikise, kaa naye, piga kelele watu wazima waje watafute msaada wa hospitali. Pingili iliyovunjika, ikisogezwa ovyo, inaweza kuujeruhi ugwe uliokuwa bado mzima.

Siku ya mwiba, ugwe wako ulikulinda bila kuombwa. Nawe ulinde wa mwenzako.