Ukiteleza, Usijiangushe

Mwezi wa kwanza huwa mtamu. Mtu aliyeambiwa na daktari kwamba sukari yake imepanda huacha soda, hupunguza ugali, huamka alfajiri na kutembea mpaka jasho limtoke. Nguo huanza kumpwaya, na majirani huuliza siri ni nini. Kisha huja harusi ya binamu, au msiba wa siku tatu kijijini, na mizani inayofuata huonyesha kilo mbili juu. Katika kazi yangu ya lishe nimewaona wengi wakiishia hapo. Wameyavumilia mazoezi, wameivumilia chai isiyo na sukari, lakini siku chache za pilau na soda zinawavunja moyo. Wanaona haya kurudi kliniki, na wakirudi baada ya miezi kadhaa, hali imeshakuwa mbaya kuliko mwanzo.

Ninachotaka msomaji akishike ni hiki: kuteleza kwa siku moja huharibu kidogo sana. Hukumu tunayojipa baada ya hapo ndiyo huharibu mengi.

Tuanze na mizani yenyewe. Kilo moja ya mafuta mwilini hubeba nishati ya takriban kilokalori 7,700. Ili uongeze kilo mbili za mafuta kwa sherehe ya Jumamosi na Jumapili, ingebidi ule kilokalori 15,400 zaidi ya mahitaji yako. Kwa mwanamke anayehitaji kilokalori 2,000 kwa siku, hicho ni chakula cha zaidi ya wiki nzima, juu ya milo yake ya kawaida. Hakuna sahani ya harusi inayofika huko. Kilichopanda kwa sehemu kubwa ni maji. Wanga tunaokula huhifadhiwa kwanza kwenye ini na misuli, na kila gramu ya akiba hiyo hukaa pamoja na gramu 3 hivi za maji. Chumvi nyingi ya vyakula vya shughuli nayo hushika maji mwilini. Ukirudi kwenye mlo wako wa kila siku, sehemu kubwa ya uzito huo hushuka ndani ya siku chache. Ndiyo maana nawashauri watu wasipande mizani asubuhi inayofuata sherehe.

Kipimo cha HbA1c, ambacho madaktari hukitumia kufuatilia kisukari, nacho hakiyumbishwi na Jumamosi moja. Hupima sukari iliyojishika kwenye chembe nyekundu za damu, ambazo huishi siku 120 hivi, kwa hiyo huonyesha wastani wa miezi 2 hadi 3. Mlo mmoja ni sehemu ndogo sana ya wastani huo. Miezi miwili ya kukata tamaa ndiyo huupandisha.

Kwa nini basi mlo mmoja huzaa miezi miwili? Mwaka 1975 watafiti Peter Herman na Deborah Mack waliwapa wanawake kinywaji kizito cha maziwa yenye sukari, kisha wakawaachia aiskrimu wale watakavyo. Wasiokuwa na mazoea ya kujinyima walikula aiskrimu kidogo, kwa kuwa walikwishashiba. Waliozoea kujinyima walifanya kinyume: wakishakunywa maziwa yale, walikula aiskrimu nyingi kuliko wenzao wa aina yao ambao hawakunywa kitu. Walishaona siku imeharibika, wakasema moyoni liwalo na liwe. Hapo shibe haikuwa na kauli tena.

Dawa ya hali hiyo si ukali. Mwaka 2007 Claire Adams na Mark Leary waliwapa wanafunzi wa kike donati, kisha baadhi yao wakaambiwa maneno machache ya upole: kila mtu hula vitu vya namna hii, msijilaumu. Waliozoea kujinyima walioyasikia maneno hayo walikula peremende chache baadaye kuliko wenzao ambao hawakuambiwa kitu. Upole uliwarudishia breki. Wanaoamini kwamba kujitukana ndiko kunakojenga nidhamu walifikirie jambo hili.

Na mazoea yaliyokwishaanza kujengeka hayabomoki kwa siku moja. Phillippa Lally na wenzake wa University College London (UCL) waliwafuatilia watu 96 waliokuwa wakijenga mazoea mapya ya kula, kunywa au kufanya mazoezi. Wastani wa kuyazoea ulikuwa siku 66, wengine wakichukua siku 18 na wengine zaidi ya 200. Kukosa siku moja hakukuathiri kwa kiasi cha maana safari nzima.

Kwa hiyo, ukiteleza fanya haya. Usisubiri Jumatatu wala mwezi mpya. Mlo unaofuata ndio mwanzo. Kunywa maji, kula mboga na maharage kama ulivyopanga, tembea hata dakika 10. Kisha jiulize kilichotokea bila kujitukana: ulifika ukumbini na njaa? Ulishindwa kumkatalia shangazi aliyekuongezea wali? Panga jibu mapema kwa sentensi moja: nikialikwa shughuli, nitakula kitu kidogo nyumbani kabla ya kutoka, na ukumbini nitaomba maji. Chupa ya soda ya mililita 350 inaweza kuwa na sukari gramu 35 au zaidi, karibu vijiko 9 vya chai, hivyo uamuzi huo mmoja una uzito.

Usijiadhibu kwa kufunga. Anayetumia insulini au vidonge vya glibenclamide akiruka milo ili kufidia karamu, sukari yake inaweza kushuka kwa hatari: kutetemeka, jasho jembamba, kuchanganyikiwa, hata kuzimia. Usiache dawa kwa aibu, na usimeze dozi mbili kufidia uliyosahau.

Kumbuka pia kwamba si kila sukari iliyopanda ni kosa lako. Malaria, maambukizi ya njia ya mkojo, msongo wa mawazo na baadhi ya dawa huipandisha hata kwa anayekula vizuri. Ukiona kiu isiyokatika, kukojoa mara kwa mara, kutapika au kupumua kwa nguvu, nenda hospitali siku hiyo hiyo.

Na kliniki, rudi. Mhudumu mzuri hakai pale kukupa alama za tabia njema. Anahitaji kujua ulikoteleza ili akusaidie kupanga upya. Wahenga walisema kuteleza si kuanguka. Kama ulikosa miadi ya mwezi uliopita, chukua kadi yako uende wiki hii.