VIRAKA VYA BIBI VYANIUMBUA NANE NANE

USINIONE napita Dodoma mjini na mchuchumio wangu ukadhani sina la kuficha. Ninalo. Nililificha miaka ishirini na nane, na lisingetoka kamwe kama si mama mmoja wa mabandani Nzuguni na blanketi lake la viraka.

Basi bwana, ilikuwa Agosti 2024. Sherehe za Nane Nane kitaifa zilikuwa hapa kwetu, na shoga yangu mmoja wa Dar alikuwa amekuja na ile treni ya umeme ya SGR, ambayo ilikuwa haijatimiza hata mwezi tangu ianze kuleta abiria Dodoma. Ukweli ni kwamba alitaka kupanda treni, Nane Nane ilikuwa kisingizio tu. Na mimi nilikuwa nimefuata zabibu. Ng'ombe wa maonyesho, matrekta na mbegu za alizeti tuliwaachia wenyewe.

Shoga alikuja na kigauni cha Kariakoo, mabega nje. "Kwani Dodoma si jangwa?" aliniuliza. Nikamwacha. Asubuhi ya kwanza tu nilimkuta amejifunga taulo langu juu ya khanga mbili, meno yanagongana. Watu wa pwani hawajui kwamba mji huu umekaa juu, zaidi ya mita 1,100 kutoka usawa wa bahari, na kuanzia Juni mpaka Agosti upepo wa hapa haupigi hodi. Mchana jua, usiku blanketi. Kwa hiyo tulipoingia Nzuguni neno lake la kwanza halikuwa zabibu. Lilikuwa, "Wanauza wapi cha kujifunika?"

Tukazama kwenye mabanda ya wajasiriamali. Batiki, sabuni za maji, asali ya Singida, mikoba ya ukili, vumbi juu ya yote. Mwisho kabisa kulikuwa na kikundi cha akina mama wenye cherehani ya kukanyaga, na nyuma yao limetundikwa blanketi, limejaa viraka kona hadi kona. Miraba ya kitenge, vipande vya khanga, batiki ya bluu, na katikati kipande cha kaniki, cheusi tii. Pembeni kikaratasi cha bei: 180,000.

"Laki na themanini kwa viraka?" Shoga alisema kwa sauti ambayo hata ng'ombe waliisikia. "Si bora ninunue la chui, jipya kabisa?"

Yule mama hakununa. "La chui linatoka kiwandani, dada yangu. Hili lina wiki tatu za macho yangu."

Shoga akacheka. Mimi sikucheka. Nilikuwa nimeshaliona blanketi kama lile, na nilijua lilikoishia.

NILIITWA KIRAKA

Mwaka 1996 nilianza kidato cha kwanza, shule ya bweni. Wenzangu walikuja na mablanketi ya dukani, mazito, yana picha za simba na chui. Mimi nilikuja na la bibi yangu wa Mvumi, alilolishona kwa mkono wake mwaka 1983.

Wakubwa wanaukumbuka mwaka huo. Viwanda vya nguo tulikuwa navyo, Urafiki pale Dar tangu 1968, Mwatex kule Mwanza, lakini fedha za kigeni za kununua vipuri ndio hivyo tena. Nguo ilikuwa ya foleni. Mtu akisikia khanga zimefika duka la kijiji anatupa jembe. Na mitumba, hii tunayochambua leo kwa mapozi, ilikuwa bado haijafunguliwa mlango. Ilianza kumiminika baada ya biashara kulegezwa mwaka 1984. Bibi alifanya alichoweza. Alikuwa anamfagilia fundi cherehani kibanda chake, malipo yake ni vile vipande vya chini. Tetroni ya sare za shule, krimplini, gabadini ya suruali za mabwana wa ofisini. Ndani akatia blanketi kuukuu, mgongoni kaniki.

Lilikuwa na joto, sikufichi. Lakini usiku wa kwanza tu bwenini nikapewa jina: Kiraka. Kwenye mpira ukiitwa kiraka ni sifa, maana yake unacheza namba zote. Bwenini si sifa. Nilivumilia wiki tatu, ya nne nikampa mpishi wa shule lile blanketi kwa maandazi manne na sahani ya maharage. Muhula wote uliobaki nililala na sweta na soksi jozi mbili. Likizo ilipofika nikamwambia bibi limeibiwa. Bibi akasema, "Aliyeiba alikuwa na baridi." Halafu akaniwekea mlenda.

Na sasa nimesimama Nzuguni, ndugu yake lile blanketi anauzwa laki na themanini.

UZI UNASEMA KWELI

Nilimwomba yule mama anifundishe. Alinitazama kucha zangu, akacheka, akanivutia kigoda.

Alikuwa na kadi ya boksi aliyoikata mraba, ndiyo kipimo. Kila kipande kinakatwa kwa kadi hiyohiyo, mshono unaachiwa robo inchi, kisha pasi kabla ya kuunga kingine. Ukiruka pasi, mwisho wa safari miraba inapishana kama meno ya mzee. Uso ukikamilika unatandika tabaka tatu: uso juu, blanketi jepesi au pamba katikati, marekani chini. Halafu unashona kupenya yote matatu, mistari mingi, la sivyo ukifua mara mbili pamba yote inakimbilia kona moja na wewe unabaki umejifunika shuka.

"Lakini kabla ya mkasi, fua," aliniambia. Pamba mpya hurudi ikifuliwa mara ya kwanza. Poliesta hairudi. Ukizishona jirani bila kufua, siku ya kwanza ya sabuni moja inavuta, nyingine inakataa, blanketi linakunjamana uso. Nilikumbuka la bibi. Tetroni jirani na kaniki, na bado lilikaa limenyooka. Alilijuaje hilo, na hakuna aliyemfundisha?

Kuhusu kuzitambua, mama alichomoa uzi mmoja kwenye khanga, akawasha kiberiti. Uzi ukawaka kama karatasi, ukanuka karatasi, ukabaki jivu laini la kupuliza. Akachomoa mwingine kwenye kitambaa king'aavu. Huo haukuwaka vizuri, ulijikunja, ukayeyuka, ukaacha kidonge cheusi kigumu. "Mtoto akilala nacho karibu na jiko, kikishika moto kinagandia ngozi," alisema. Shoga yangu aliyekuwa anacheka akanyamaza, akaanza kuchunguza kigauni chake.

Lile neno marekani nalo lina mambo. Karne ya 19 kitambaa hicho kisichopaushwa kilikuja kwa meli kutoka Massachusetts mpaka Unguja, ndiyo maana kikaitwa hivyo. Kaniki ilitoka India. Misafara ya kwenda Tabora na Ujiji ilipita hapahapa Ugogo, na watemi wa Kigogo hawakuwa watu wa kupitwa bure: maji yetu, njia yetu, lipa hongo. Stanley alipopita mwaka 1871 akimtafuta Livingstone alilipa nguo, Mvumi ya bibi yangu ikiwemo, na akalalamika sana kwenye kitabu chake. Hesabu ilikuwa kwa shuka na doti: shuka mikono minne, doti mikono minane. Leo ukienda dukani kudai khanga doti moja unazungumza lugha ya misafara.

Na khanga yenyewe, inayojidai malkia wa nguo, ilianza kama kiraka. Wanawake wa pwani walinunua leso za mraba zikiwa bado jora moja, wakakata sita, wakazigawa tatu tatu, wakaziunga kwa sindano kupata nguo moja pana. Wafanyabiashara walipoona inapendwa ndipo wakaagiza ikiwa imechapwa nzima. Nilimwambia shoga hivyo, akaitazama khanga yake kama vile imemdanganya umri.

Jirani na pale palikuwa na kijana aliyeleta mzigo wa Kagera. Alinishikisha kitu cha rangi ya udongo mwekundu, nikadhani ngozi. Kumbe gome la mti. Mti ni jamii ya mkuyu: gome linavuliwa, linapondwa kwa nyundo za mbao mpaka linatanuka na kulainika, na mti unafungwa majani ya mgomba mahali palipobaki uchi ili uote gome jipya. Wahaya wanaita rubugo. Majirani zao Waganda wanatengeneza hilohilo, na UNESCO iliutambua ufundi wao mwaka 2005. Halina uzi, halijafumwa, halina mbele wala nyuma. Kijana akasema usilifue kama jinzi. Nilinunua kipande cha kutosha miraba miwili, kwa kujionyesha tu.

Baadaye nilisoma kuwa kule Karnataka, India, wako Wasidi, watu wenye asili ya Afrika, ambao wanawake wao wanashona mablanketi ya viraka yaitwayo kawandi. Wanaanza pembeni wanazunguka kuingia ndani mpaka katikati, na kila kona wanatia vipande vidogo vinavyoitwa ua. Marekani nako, kijiji kimoja cha Weusi cha Alabama, Gee's Bend, viraka vyao vilitundikwa makumbusho, na mwaka 2006 vikachapwa kwenye stempu za posta. Mpishi wangu wa shule sijui alilitundika wapi la bibi.

Sasa sikia ujinga wangu. Pamoja na somo lote hilo la kiberiti, tukiwa tunatoka, nje ya viwanja muuzaji mmoja wa mkononi alinipigia hesabu ya kitenge cha waksi, "orijino kabisa dada, bei ya kufungia". Rangi kali, kinang'aa, jua linazama, nikaona aibu kumwomba uzi nikauchome mbele za watu. Nikalipa.

MVUMI

Jumapili nilipanda gari kwenda Mvumi. Nilibeba kitenge, kipande cha gome, marekani mita tatu, sukari na sabuni. Shoga aliomba kuja, nikamkatalia. Kuna mambo hutaki shahidi.

Bibi ana miaka themanini na kitu. Macho yamepungua, masikio yako kazini. "Mbukwa," akaniamkia kwa Kigogo, nikaitika, tukapitia habari za nyumbani, za mvua, za mbuzi, za majirani wote wagonjwa na wazima. Chai ikaisha. Nikasema, "Bibi, lile blanketi halikuibwa."

Kimya. Kuku akapita.

"Lilikwenda wapi?"

"Nilimpa mpishi."

"Alikupa nini?"

Jamani, nina watoto wawili na akaunti benki, lakini pale nilikuwa wa kidato cha kwanza. "Maandazi manne, bibi. Na maharage."

"Maandazi ya moto?"

"Ya jana yake."

Bibi akafyonza. "Basi hukunidanganya. Liliibiwa."

Alicheka mpaka akafuta macho kwa pindo la khanga, na mimi nikawa sijui kama nicheke au nilie, nikafanya yote mawili. Halafu akanyoosha mkono kwenye kifurushi. Marekani aliisugua kwa kidole gumba, akatikisa kichwa kukubali. Gome alilinusa, akaliweka kando, akasema tutalijadili. Kitenge changu alikikunja, akakikunjua, akachomoa uzi na kuutupa kwenye jiko la mkaa bila kuniuliza. Ukajikunja, ukawa kidonge cheusi.

"Hiki umenunua bei gani?"

Nikataja.

"Bora yale maandazi," akasema.

Tangu siku hiyo nakwenda Mvumi kila nikipata Jumapili. Mimi namtungia uzi kwenye sindano, maana tundu halioni tena, yeye ananiambia wapi nimekata vibaya, na hajawahi kukosea kwa kupapasa. Mshono wa kwanza alinifumulisha mara tatu. Tuko mstari wa tano sasa, na katikati ameagiza iwekwe kaniki. Kitenge cha orijino kabisa kimekataliwa kuingia. Nilijaribu kukifanya kitambaa cha kufutia meza, hakinyonyi maji.