Tamathali za usemi: Jina pekee halitoshi

MWANAFUNZI wa shule ya upili akiombwa ataje tamathali za usemi, aghalabu huzimimina bila kusita: tashbihi, sitiari, tashihisi, chuku, kinaya, tasfida. Mpe aya moja ya hadithi aeleze tamathali iliyomo inafanya kazi gani, naye atanyamaza, ama ataandika kwamba imetumiwa "ili kupamba lugha". Lau jibu hilo lingetosha, tamathali zote zingekuwa na kazi moja na mwandishi hangekuwa na haja ya kuchagua baina yazo.

Kiini cha tatizo ni mafunzo yanayoanza na istilahi. Mwalimu huandika jina ubaoni, fasili yake na mfano mmoja, kisha huingilia jina jingine. Mwanafunzi huondoka na ishara za nje tu. Chukua neno 'kama'. Ameambiwa kwamba tashbihi hutambulika kwa maneno ya kulinganishia: kama, mithili ya, mfano wa, ja. Basi kila aonapo 'kama' huona tashbihi.

Hebu tutazame sentensi tatu. "Kama mvua itanyesha, mechi itaahirishwa." "Mama ameajiriwa kama karani." "Karani yule hufoka kama simba aliyejeruhiwa." Ya kwanza inaeleza sharti, ya pili inataja kazi halisi ya mtu. Ni ya tatu pekee inayofananisha vitu viwili vya jinsi tofauti. Zoezi hili la dakika 10 lina manufaa kuliko ukurasa mzima wa fasili, kwa kuwa humlazimisha mwanafunzi kuuliza: ni nini kinachofananishwa na nini, na ni sifa gani inayoviunganisha?

Ukiondoa neno 'kama' ukasema "karani yule ni simba", umepata sitiari. Lakini simba wa namna gani? Anayemwita mchezaji kandanda simba humsifu kwa ushupavu. Anayemwita karani simba humlaumu kwa ukali. Mnyama ni yule yule, muktadha ndio unaoleta maana.

Kuna pia tamathali zilizochakaa. Tunaposema mguu wa meza au mdomo wa chupa, hakuna anayehisi tena kuwa kuna ulinganisho. Tashbihi za insha zetu nyingi zimo njiani kufika huko. Mtoto wa Lodwar na wa Lamu, wa Kericho na wa Mathare, wote 'hutetemeka kama unyasi' na wote huwa na usiku 'mweusi tititi kama mpingo', ingawa huenda baadhi yao hawajawahi kuuona mpingo. Heri mtoto wa Kericho aandike kwamba uvumi ulitanda kijijini kama ukungu juu ya mashamba ya majani chai, na wa Mathare aandike kwamba ahadi za mwanasiasa zilikuwa kama matatu iliyojaa: zilipita bila kusimama.

Huko Pwani, vifaa vya kufundishia vimo kabatini. Leso huwa na jina, yaani maneno yaliyochapishwa juu yake, na mwanamke anaweza kujitanda leso yenye fumbo bila kumtaja mtu. Anayekusudiwa huelewa, na akilalamika, mvaaji husema alipendezwa na rangi tu! Leta leso darasani, uwaulize wanafunzi ni nani anayesema, anamwambia nani, na kwa nini hakusema waziwazi.

Swali hilo la mwisho ndilo linalofungua fasihi yenyewe. Katika hadithi fupi 'Tumbo Lisiloshiba' ya Said A. Mohamed, iliyo katika mkusanyiko wenye jina hilo uliohaririwa na Alifa Chokocho na Dumu Kayanda na uliowahi kutahiniwa katika KCSE, jitu huingia mkahawani likafagia chakula chote, na hayo yanatukia wakati wakazi wa Madongoporomoka wanahofia kunyang'anywa ardhi yao. Mwanafunzi akiandika "hii ni chuku", hajakosea, ila amesimama mlangoni. Tumbo hilo ni la nani? Chakula kile kinasimamia nini nje ya mkahawa?

Istilahi nazo zina kero zake. Vitabu vingine huita istiara kile ambacho vingine hukiita sitiari, na vingine huihifadhi istiara kwa hadithi nzima yenye maana fiche. Walimu wa shule moja heri wakubaliane mapema kuhusu neno watakalolitumia, ili mtahiniwa asibabaishwe na mabishano ya wataalamu.

Katika usahihishaji wa mazoezi ya darasani, alama ya kutaja jina isizidi ile ya maelezo. Njia moja rahisi ni kuwataka wanafunzi waivue sentensi tamathali yake. "Karani yule hufoka kama simba aliyejeruhiwa" itabaki "karani yule hufoka sana". Kisha waulizwe ni nini kilichopotea: hofu ya wanaohudumiwa, au labda dokezo kwamba karani mwenyewe ana jeraha. Hicho kilichopotea ndicho wakiandike.