Chanya si Kubwa, Hasi si Ndogo: Kueleza Ukubwa wa Ioni kwa Kiswahili

Katika matumizi ya kila siku, neno "chanya" huashiria nyongeza na "hasi" huashiria upungufu. Kwa sababu hiyo, mwanafunzi anayesoma matini ya kemia kwa Kiswahili huweza kudhani kwamba ioni chanya ni kubwa kuliko atomi iliyotokana nayo, na ioni hasi ni ndogo. Ukweli ni kinyume chake. Makala haya yanaeleza sababu, kisha yanapendekeza namna ya kulifundisha jambo hili.

Atomi ina kiini chenye protoni, ambazo zina chaji chanya. Kiini huzungukwa na elektroni zenye chaji hasi, zikiwa katika matabaka. Protoni na elektroni zikilingana idadi, atomi haina chaji. Ikipoteza au ikipokea elektroni, huwa ioni.

Tuchukue mfano wa chumvi ya mezani, ambayo imeundwa na ioni za sodiamu na za klorini. Atomi ya sodiamu ina elektroni 11 zilizopangwa 2, 8, 1. Ikipoteza ile moja ya mwisho, tabaka zima la nje hutoweka, na protoni 11 hubaki zikivuta elektroni 10 tu. Nusukipenyo hupungua kutoka pikomita 186 hivi hadi 102. Pikomita ni sehemu moja ya trilioni ya mita. Klorini nayo ina protoni 17 na elektroni 17. Ikipokea elektroni moja, protoni haziongezeki, lakini elektroni huwa 18 na husukumana zaidi. Nusukipenyo hukua kutoka pikomita 99 hivi hadi 181.

Ikumbukwe, basi, kwamba "chanya" na "hasi" hutaja aina ya chaji, si ukubwa. Inafaa mwalimu au mfasiri atangulize vitenzi kabla ya vivumishi: atomi ipotezayo elektroni hunywea, ipokeayo hutanuka. Mwanafunzi akishaelewa tendo, jina halitampotosha.

Zoezi: Ioni ya sodiamu na ioni ya magnesi zina elektroni 10 kila moja. Ipi ndogo? Ni ya magnesi, yenye nusukipenyo cha pikomita 72 hivi, kwa kuwa protoni zake 12 huzivuta elektroni hizo kwa nguvu zaidi. Mwambie mwanafunzi aeleze sababu hiyo kwa sentensi mbili za Kiswahili, bila kutumia neno "chanya".