Kunakili, Kuiga na Kubuni: Suala la Uasilia katika Filamu za Wanafunzi na za Ridhaa

1.0 Utangulizi

Mjadala kuhusu uasilia na uigaji si mgeni katika taaluma ya Kiswahili. Katika miaka ya 1970, hususan baada ya kuchapishwa kwa diwani ya Kichomi (1974) ya Euphrase Kezilahabi, watunzi wa mashairi yasiyofuata urari wa vina na mizani walishutumiwa kuwa wanaiga ushairi wa Kimagharibi. Shutuma ya namna hiyo hiyo huelekezwa kwenye filamu zinazotengenezwa na wanafunzi wa vyuo na vijana wa mitaani wanaofanya kazi hiyo kwa ridhaa: hii ni ya Kinigeria, ile ni ya Kihindi, nyingine imetolewa Hollywood ikavishwa kanga.

Shutuma hiyo ina uzito. Kwa mwanafunzi, huamua alama atakayopewa. Kwa kijana wa mtaani, huamua iwapo ataonekana msanii au mwigaji tu. Pamoja na uzito huo, aghalabu hutolewa bila istilahi zake kufafanuliwa. Makala haya yanakusudia kuzifafanua istilahi hizo, kisha kuonyesha kwa mifano kwamba uigaji si kinyume cha ubunifu bali ni mojawapo ya hatua zake. Hoja inayojengwa ni kwamba swali linalofaa kuulizwa si kama mwanafunzi ameiga, bali ameiga nini, na alichokiiga amekifanyia nini.

2.0 Istilahi na Utata Wake

Neno uasilia linatokana na asili, lenye maana ya chanzo, chimbuko au shina. Hapa pana utata ambao hauna budi kutazamwa kwa makini. Tunaposema ngoma za asili, tunamaanisha ngoma zilizorithiwa; tunaposema nakala asilia, tunamaanisha ile ya kwanza ambayo nyingine zilitolewa. Kwa hiyo neno lenyewe lina nyuso mbili: moja inatazama mizizi, nyingine inatazama uanzilishi. Mhakiki anayedai kwamba filamu fulani haina uasilia anaweza kuwa analalamikia mambo mawili tofauti kabisa: ama filamu haina jambo jipya, ama haina mizizi katika jamii yake. Filamu inaweza kuwa na mizizi bila kuwa na upya, na inaweza kuwa mpya pasipo kuwa na mizizi.

Kwa upande mwingine, kitenzi iga kimezaa igiza kwa kuongezewa kiambishi cha unyambuaji -iz-, na kutoka hapo tumepata igizo, maigizo na mwigizaji. Kwa mantiki hii, Kiswahili hakikuona haya kuutaja mchezo wa jukwaani kwa jina la uigaji. Jambo hili halitofautiani sana na dhana ya Aristotle aliyeitazama sanaa kuwa mwigo wa matendo ya watu.

Kwa mahitaji ya mjadala huu, yafaa kutenga vitenzi vitatu. Kunakili ni kuhamisha umbo la nje la kazi ya mwingine kama lilivyo. Kuiga ni kujifunza namna kazi hiyo ilivyofanywa na kuitenda kwa mikono yako. Kubuni ni kutumia kanuni ulizojifunza kusema ambalo halijasemwa. Mipaka baina ya vitendo hivi si ya ukuta. Ni hatua zinazopandana.

3.0 Uigaji kama Ujifunzaji wa Sarufi

Isimu inatoa mfano unaosaidia. Katika tahakiki yake ya mwaka 1959 dhidi ya kitabu cha B. F. Skinner kilichotoka mwaka 1957, Noam Chomsky alionyesha kwamba uigaji na mazoea havitoshi kueleza jinsi mtoto anavyojifunza lugha. Chukulia mtoto wa nyumba ambamo watu wote husema njoo hapa, naye akasema kuja hapa. Umbo hilo hajalisikia kwa mtu. Amelizalisha mwenyewe kwa kufuata kanuni aliyoichota katika kula na kunywa. Kosa lake ni ushahidi kwamba alipokuwa akiiga sentensi, kumbe alikuwa akijenga sarufi.

Historia ya mafunzo ya filamu ina mifano inayolingana na hali hiyo. Chuo cha filamu cha Moscow kilianzishwa mwaka 1919, wakati ambapo mikanda ghafi ilikuwa adimu mno. Inaelezwa kwamba Lev Kuleshov na wanafunzi wake waliichambua filamu ya Mmarekani D. W. Griffith, Intolerance (1916), wakaichangua picha moja moja na kuipanga upya ili kuelewa maana inavyozaliwa kutokana na mfuatano wa picha. Hali kadhalika, walifanya mazoezi ya maigizo waliyoyaita filamu bila mkanda. Zoezi hilo la kuchangua na kupanga ni sawa na uchanganuzi wa sentensi darasani. Miongoni mwa wanafunzi hao alikuwamo Vsevolod Pudovkin, ambaye mwaka 1926 alitoa filamu ya Mama. Filamu hiyo haiwezi kudhaniwa kuwa ya Griffith.

Katika chuo hicho hicho, mwaka 1956, wanafunzi watatu, Andrei Tarkovsky, Alexander Gordon na Marika Beiku, walitengeneza filamu fupi iliyotokana na hadithi ya Ernest Hemingway, The Killers. Mandhari yake ni Marekani, hadithi ni ya mtu mwingine, na mwenendo wa wahusika ni wa kigeni. Kama mhakiki angelikuwa na kigezo kimoja tu cha kutoiga, angeliikataa. Hata hivyo, miaka 6 baadaye Tarkovsky alitoa Utoto wa Ivan (1962), iliyoshiriki tuzo ya Simba wa Dhahabu huko Venice, na tangu hapo mtindo wake umekuwa ukiigwa na wengine.

4.0 Nakala Inayokataa Kufanana na Chanzo

Iwapo uigaji hujenga sarufi, je, kunakili kwa kukusudia nako kuna faida? Mfano ulio dhahiri ni wa vijana watatu wa jimbo la Mississippi, Marekani: Chris Strompolos, Eric Zala na Jayson Lamb. Mwaka 1982, wakiwa na umri wa miaka kumi na kitu, walianza kuirudia filamu ya Steven Spielberg, Raiders of the Lost Ark (1981), onyesho kwa onyesho. Kazi hiyo iliwachukua hadi mwaka 1989. Walirekodi karibu kila onyesho isipokuwa lile la ndege, ambalo walilikamilisha wakiwa watu wazima, mwaka 2014.

Nia yao ilikuwa kunakili, na walikusudia kufanana na chanzo. Lakini palipokuwa na kima katika filamu ya Spielberg, wao walikuwa na mbwa. Maonyesho yaliporekodiwa kwa miaka tofauti na kisha kuunganishwa, mhusika mmoja aliweza kuonekana kijana mwenye sauti nzito, na punde si punde akarudi kuwa mtoto. Filamu ya Spielberg ni hadithi ya mtafuta hazina. Ya vijana hawa, bila wao kukusudia, imekuwa hadithi ya utoto unaopita. Jambo hilo halimo katika chanzo.

Wahenga walionya kwamba mwiga tembo kunya hupasuka msamba. Methali hii kwa kawaida hutumiwa kumkanya anayejitwika asiloliweza, na onyo lake ni la haki. Lakini katika sanaa, pale palipopasuka ndipo mara nyingi panapoonekana mwili wa mwigaji mwenyewe.

Mfano wa karibu zaidi na Waswahili unatoka Uganda. Katika mtaa wa Wakaliga, Kampala, Isaac Nabwana alitengeneza Who Killed Captain Alex? (2010) kwa gharama inayotajwa kuwa chini ya dola 200 za Marekani, akitumia kompyuta alizoziunga mwenyewe na bunduki za mbao na vyuma chakavu. Vielelezo vyake ni filamu za mapigano za Marekani na Hong Kong. Nabwana ameeleza kwamba utotoni nyingi hakuziona, bali alisimuliwa na kaka zake waliotoka kuzitazama. Kwa maneno mengine, aliiga masimulizi ya filamu, na masimulizi ni mali ya msimuliaji na msikilizaji wake.

Aidha, toleo linalofahamika sana la filamu hiyo lina sauti ya VJ Emmie, anayefafanua, kutania na kuwasifu wapiganaji wakati picha ikiendelea. Desturi hii inajulikana pia katika vibanda vya video vya Tanzania, ambako Lufufu alipata umaarufu kwa kuzisimulia filamu za kigeni kwa Kiswahili. Hapo asili kwa maana ya mizizi imeingia kwa mlango wa fanani na hadhira yake, ilhali picha zenyewe zikiendelea kuiga ng'ambo.

5.0 Uigaji Unapokuwa Mtupu

Yaliyokwisha kuelezwa hayana maana kwamba kila uigaji ni mwema. Upo uigaji unaochukua umbo na kuiacha sababu iliyolizaa. Dalili zake huonekana upesi zaidi katika lugha. Chukulia filamu ya mwanafunzi ambamo kijana wa Tanga anaingia nyumbani kwa baba mkwe mtarajiwa, ananyoosha mkono na kusema, "Nimefurahi kukutana nawe." Hakuna shikamoo, hakuna hodi, hakuna kuulizwa habari za watokako. Maneno ni ya Kiswahili, lakini sarufi ya mkutano huo imetoka katika maandishi ya chini ya filamu ya kigeni. Kosa hapa ni tofauti na la mtoto asemaye kuja hapa. Mtoto amefuata kanuni. Mwanafunzi huyu ameikwepa kanuni anayoijua tangu utotoni.

Kipo pia kikomo cha sheria. Mwaka 1964 Sergio Leone alitoa A Fistful of Dollars, iliyofuata kwa karibu mno Yojimbo (1961) ya Akira Kurosawa. Kampuni ya Toho ilidai haki yake, na suala hilo likamalizwa kwa upande wa Japani kupewa sehemu ya mapato. Hata hivyo, wahakiki wamekuwa wakiihusisha Yojimbo yenyewe na riwaya za Mmarekani Dashiell Hammett. Kanuni ya jumla ya hakimiliki, ambayo pia ni msingi wa Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya Tanzania ya mwaka 1999, ni kulinda namna wazo lilivyoelezwa, si wazo lenyewe. Sheria humzuia mtu kunakili, haimzuii kujifunza.

Fasihi ya Kiswahili ina kielelezo cha uigaji ulioepuka utupu huo. Muhammed Said Abdulla, katika Mzimu wa Watu wa Kale (1960), alimjenga Bwana Msa, mpelelezi mwenye kiko na rafiki yake Najum, kwa kufuata waziwazi jozi ya Sherlock Holmes na Watson. Lakini uhalifu anaouchunguza umefumwa na imani, nasaba na mashamba ya Unguja. Ukimhamishia London, kesi haipo tena.

6.0 Hitimisho

Mifano hii inaelekeza kwenye kigezo kinachoweza kutumiwa na mwalimu anayesahihisha filamu ya mwanafunzi. Kwanza, amwulize mwanafunzi ataje chanzo chake. Anayekitaja amekwisha kuanza kukichambua. Pili, atazame mahali ambapo kazi imetofautiana na chanzo, achunguze kama tofauti hiyo imetokana na kanuni au na uzembe. Tatu, ajaribu kuihamisha hadithi: kama yaweza kurudishwa ilikotoka bila kubadilika kitu, basi kilichofanyika ni kunakili.

Kumtaka mwanafunzi wa mwaka wa kwanza atoe kazi isiyofanana na yoyote ni sawa na kumtaka mtoto azungumze lugha ambayo hajapata kuisikia. Atanyamaza, au atajifanya. Katika malumbano ya ushairi wa Kiswahili, mjibuji huchukua vina na bahari ya yule aliyemchokoza, wala hakuna anayemlaumu kwa kuviazima. Anachopimwa nacho ni jibu.