Vipimo vya damu kabla ya upasuaji wa moyo: yanayoweza kurekebishwa Mbeya na Iringa kabla ya safari ya Dar es Salaam

Na Mwandishi Wetu, Mbeya

Mgonjwa wa Nyanda za Juu Kusini anayepewa rufaa kwenda kufanyiwa upasuaji katika Taasisi ya Moyo Jakaya Kikwete (JKCI) jijini Dar es Salaam husafiri zaidi ya kilomita 800 akitokea Mbeya, au takribani kilomita 500 akitokea Iringa. Kabla ya siku ya upasuaji hutolewa damu ya vipimo mara kadhaa. Baadhi ya ndugu huona kuwa huo ni utaratibu wa kukamilisha jalada tu. Wengine, hasa mgonjwa anapoambiwa asubiri wiki kadhaa kwa sababu ya majibu ya maabara, huamini kuwa amekataliwa. Makala haya yanaeleza madaktari wanatafuta nini katika damu hiyo, na kwa nini jibu lisiloridhisha likipatikana mapema humsaidia mgonjwa.

Katika upasuaji mkubwa wa kufungua moyo, mara nyingi moyo husimamishwa na kazi yake kufanywa kwa muda na mashine inayosukuma damu na kuitia oksijeni. Mirija ya mashine hiyo hujazwa kwanza maji maalumu ya dawa, nayo huchanganyika na damu ya mgonjwa na kuifanya iwe nyepesi zaidi. Figo, ini na ubongo hulazimika kuvumilia mzunguko usio wa kawaida. Kwa sababu hiyo, pamoja na ubovu wa moyo wenyewe, timu ya upasuaji hutaka kujua akiba aliyonayo mgonjwa katika viungo vingine, na damu ndiyo inayoionesha akiba hiyo kwa urahisi kuliko kitu kingine.

Kipimo cha kwanza ni wingi wa damu, yaani hemoglobini. Shirika la Afya Duniani huhesabu kuwa mwanamume mwenye chini ya gramu 13 kwa desilita, au mwanamke asiye mjamzito mwenye chini ya gramu 12, ana upungufu wa damu. Tafiti nyingi duniani zimeonesha kuwa wanaoingia katika upasuaji wa moyo wakiwa na upungufu huo huongezewa damu zaidi, hupata matatizo ya figo zaidi, na hufariki kwa wingi kuliko wenzao.

Hapa nchini, utafiti ulioongozwa na Profesa Abel Makubi, aliyewahi kuwa Mganga Mkuu wa Serikali, na kuchapishwa mwaka 2015, ulifuatilia wagonjwa 401 wa moyo kushindwa kufanya kazi waliotibiwa Muhimbili. Asilimia 57 walikuwa na upungufu wa damu na karibu nusu walikosa madini ya chuma ya kutosha. Waliokuwa na hali zote mbili kwa pamoja ndio waliokuwa na matokeo mabaya zaidi. Utafiti huo haukuhusu upasuaji, lakini wengi wanaohitaji upasuaji hutoka katika kundi hilohilo. Ulionesha pia kuwa wagonjwa waliokuwa wakiishi nje ya Dar es Salaam walikuwa na uwezekano mkubwa zaidi wa kuwa na upungufu wa damu, jambo linalowahusu moja kwa moja wakazi wa mikoa ya mbali.

Kwa wakazi wa nyanda za juu kuna suala jingine ambalo halizungumzwi vya kutosha. Jiji la Mbeya liko mita 1,700 hivi juu ya usawa wa bahari, na Iringa zaidi ya mita 1,500. Mahali palipoinuka hivyo hewa ina oksijeni pungufu, na mwili hujibu kwa kutengeneza chembe nyekundu zaidi. Ndiyo maana Shirika la Afya Duniani huelekeza kupunguza kati ya nusu gramu na gramu moja hivi katika kipimo cha mtu anayeishi kwenye mwinuko wa namna hiyo kabla ya kukilinganisha na viwango vya kawaida. Mwanamke wa Mbeya mwenye gramu 12.3 anaweza kuambiwa kuwa damu yake inatosha, ilhali kwa hesabu hiyo ana upungufu.

Upungufu unaotokana na ukosefu wa madini ya chuma hutibika, ila vidonge huhitaji wiki kadhaa. Pia havitakiwi kumezwa pamoja na chai, kwa kuwa chai huzuia madini hayo kufyonzwa mwilini. Ni angalizo lenye uzito katika mikoa yenye mashamba ya chai ya Rungwe na Mufindi, ambako kikombe cha chai hakikosekani mezani.

Kipimo cha pili kwa uzito ni kreatinini, kinachoonesha figo zinavyochuja taka. Namba yake peke yake inaweza kudanganya. Kreatinini hutokana na misuli, hivyo mgonjwa aliyedhoofu kwa ugonjwa wa muda mrefu anaweza kuwa na namba nzuri huku figo zake zikiwa zimechoka. Madaktari huiingiza pamoja na umri, uzito na jinsia katika kanuni inayokadiria uwezo halisi wa uchujaji.

Makadirio hayo ndiyo yanayotumika katika EuroSCORE II, mfumo wa kukadiria uwezekano wa kifo baada ya upasuaji wa moyo uliochapishwa mwaka 2012. Ulitengenezwa kwa taarifa za wagonjwa zaidi ya 22,000 kutoka hospitali 154 katika nchi 43, wenye wastani wa umri wa karibu miaka 65. Mfumo ukisema asilimia 4, maana yake ni kwamba kati ya watu 100 wenye hali kama hiyo, takribani wanne hufariki. Hautaji ni nani. Aidha, katika vigezo vyake, kinachotegemea maabara ya damu ni kimoja tu, nacho ni hicho cha figo. Upungufu wa damu haumo. Kwa kijana wa Kitanzania ambaye valvu zake za moyo zimeharibiwa na homa ya rumatiki, na ambaye pia ana upungufu wa damu, namba hiyo isomwe kwa tahadhari.

Tafiti za nje zimependekeza pia kulinganisha aina mbili za chembe nyeupe, neutrofili na limfosaiti, kwa kuwa uwiano mkubwa kabla ya upasuaji umeambatana na vifo vingi zaidi. Ni kipimo cha bei nafuu, maana hupatikana katika picha kamili ya damu. Hata hivyo, maambukizi yoyote huubadilisha uwiano huo, ikiwemo VVU, na matokeo ya utafiti wa kitaifa wa mwaka 2022/2023 yalionesha kiwango cha VVU cha asilimia 11.1 Iringa na 9.6 Mbeya, miongoni mwa viwango vya juu zaidi nchini. Ikumbukwe kuwa kuishi na VVU si kizuizi cha upasuaji wa moyo. Mgonjwa anayetumia dawa ipasavyo na virusi vikafubazwa huandaliwa kama wengine.

Kwa wanaotumia warfarini, kipimo cha INR hueleza damu inachukua muda gani kuganda. Dawa hiyo husitishwa siku kadhaa kabla ya upasuaji kwa maelekezo ya daktari pekee. Kuiacha kwa uamuzi binafsi kunaweza kusababisha damu kuganda ndani ya moyo na kuleta kiharusi.

Picha kamili ya damu, kreatinini na INR ni vipimo vya maabara za hospitali za rufaa. Mgonjwa anayesubiri tarehe ya JKCI anashauriwa kumuuliza daktari wake wa Mbeya au Iringa kama vipimo hivyo vinaweza kufanyika mwezi mmoja au miwili kabla ya safari, ili penye kasoro tiba ianze akiwa nyumbani kwake, badala ya familia kugharamia malazi jijini huku vidonge vya madini ya chuma vikisubiriwa kufanya kazi. Majibu yabebwe kwa maandishi yakiwa na tarehe. Vipimo vingine hurudiwa Dar es Salaam, kwa kuwa kiwango cha damu cha miezi mitatu iliyopita huenda kisiwe cha leo.