Basi linapokoma Matema, miguu na ichukue zamu

Na Mwandishi Wetu

WENGI wetu, ndugu msomaji, tukisikia habari ya kutembea kwa miguu, jambo la kwanza linalotujia akilini ni dhiki. Aendaye kwa miguu ni yule aliyekosa nauli, au aliyeachwa na basi. Mzazi humhimiza mwanawe asome kwa bidii ili asije akatembea juani kama alivyotembea yeye. Basi ukiwaambia jamaa zako kwamba likizo hii unakusudia kuwapandisha watoto basi hadi mahali basi linapokoma, kisha muendelee kwa miguu kwa hiari yenu, yumkini watakuuliza kama u mzima.

Hata hivyo, makala haya yanakuomba ulifikirie jambo hilo, na yanakutajia mahali pa kulijaribu: Matema, katika Wilaya ya Kyela, kwenye ncha ya kaskazini ya Ziwa Nyasa.

KUTELEMKA BONDENI

Chukulia kwamba mnaanzia Mbeya mjini, ulioko katika kimo cha mita 1,700 hivi juu ya usawa wa bahari. Asubuhi ya mwezi Juni watoto watahitaji sweta. Basi hupita Uyole, likakata ubavuni mwa Mlima Rungwe wenye kimo cha karibu mita 3,000, kisha likashika njia ya Kiwira na Tukuyu katikati ya migomba na mashamba ya chai. Baada ya Tukuyu barabara huanza kuinama. Chai hutoweka, na mahali pake huja mikakao na michikichi. Hewa huwa nzito na yenye joto, na mtoto huvua sweta mwenyewe bila kuambiwa. Uso wa ziwa uko katika kimo kisichofika mita 500. Kwa nauli ya siku moja mwanao atakuwa ameiona kwa macho ile habari aliyoisoma darasani, kwamba hali ya hewa hufuata kimo cha nchi.

Mahali paitwapo Kikusya njia hugawanyika. Moja huendelea hadi Kyela mjini, na nyingine huelekea Ipinda na Matema, mwendo wa kilomita 39 hivi. Njia hii ya pili, ambayo kwa miaka mingi ilikuwa ya vumbi wakati wa kiangazi na matope wakati wa masika, sasa imetiwa lami. Huku na huku utaona majaruba ya mpunga. Huo ndio mchele wa Kyela, ambao harufu yake waijua tangu zamani, hata kama shamba lake hujapata kuliona.

Mbele yako itasimama Milima ya Livingstone, imenyooka kama ukuta. Wataalamu wa miamba hutueleza kwamba ukuta huo ni ukingo wa Bonde la Ufa: ardhi ilipasuka, upande mmoja ukadidimia na mwingine ukabaki juu. Maji yalijaa pale palipodidimia, nalo ziwa lina kina cha takriban mita 700 mahali penye kina kirefu kabisa. Mlima unapokutana na maji, ndipo ilipo Matema, na ndipo basi linapogeuza.

NJIA YA WAFINYANZI

Kutoka Matema njia ya miguu hufuata ukingo wa ziwa kuelekea kusini-mashariki. Hupita Lyulilo, kisha hushikamana na miguu ya milima hadi Ikombe, kijiji cha Wakisi. Wakisi ni wavuvi, na wanawake wao ni wafinyanzi ambao vyungu vyao hufika masoko ya Tukuyu na Mbeya. Huenda hata maharage uliyokula juzi yalichemkia katika chungu cha Mkisi.

Si mwendo wa kutisha. Familia inayotoka Matema asubuhi, ikapumzika njiani, itarejea kabla ya jioni. Lakini njia ina mawe, na ina kupanda na kushuka. Upande mmoja ni mteremko, upande wa pili ni maji yenye rangi ya samawati. Mtakutana na watu wenye mizigo kichwani. Wapisheni, maana ninyi mnatembea kwa kupenda, na wao wamo kazini. Mfundishe mwanao kuwaamkia wakubwa kwa "Mugonile", na kushukuru kwa "Ndaga fijo". Hayo ni maneno ya Kinyakyusa, na Wakisi wanayaelewa vyema.

Ikombe mtaona jinsi chungu kinavyozaliwa. Mama hakitengenezi kwa gurudumu. Hukifinyanga kwa vidole, akikizungusha na kukinyanyua ukuta wake kidogo kidogo, kisha hukilainisha, hukiacha kikauke, na mwishowe hukichoma mahali pa wazi. Kila hatua yaweza kukiharibu. Kikipata ufa katika moto, kazi yote ya siku zilizopita imekwenda bure, na hakuna wa kumlipa. Kilichosalimika huchukuliwa kwa mtumbwi au kichwani hadi Lyulilo, ambako Jumamosi ni siku ya gulio.

Mwandishi wa makala haya, alipofika huko kwa mara ya kwanza, alitanguliza gulio. Alikipata chungu kizuri chenye wekundu wa udongo, akabishania bei kama tulivyozoea sote. Mama muuzaji alipotikisa kichwa, akajitia kuondoka, hadi yule mama akamwita na kukubali. Alikibeba kwa furaha ya mtu aliyeshinda. Alasiri ya siku ile ile alikwenda Ikombe kwa miguu, na njiani akapishana na wanawake waliobeba vyungu ambavyo havikupata mnunuzi, wakivirudisha nyumbani kwa njia ile ile ya mawe. Walimwamkia kwa adabu. Kile chungu alichokiacha Matema kilikuwa kizito kuliko mzigo wowote aliowahi kuubeba.

Kwa sababu hiyo anakushauri, ndugu msomaji, ufanye kinyume chake. Fika Matema siku ya Alhamisi, tembea Ijumaa, na gulio uliache hadi Jumamosi.

MAMBO YA KUZINGATIA

Wakati mzuri ni kati ya Juni na Oktoba. Mvua za Kyela ni kubwa, hasa Machi hadi Mei, na mito hufurika. Katika miezi ya kipupwe upepo wa kusini uitwao mwera huweza kulichafua ziwa kwa ghafla. Mkikusudia kurudi kwa mtumbwi, fuateni kauli ya mvuvi: akisema leo hapana, msimbembeleze.

Malaria ipo, kwa hiyo chandarua ni cha lazima. Watoto wasiogelee karibu na mdomo wa Mto Lufilyo wala penye matete, kwani kuna mamba. Waulizeni wenyeji mahali pa kuogea. Chukueni kofia, maji safi na viatu vilivyokwisha kuzoea mguu. Chakula kisikuhangaisheni: ndizi, wali na samaki wa ziwani havikosekani.

Aliye na miguu imara na siku za kutosha aweza kumtafuta kiongozi mwenyeji na kupanda milima hadi nchi ya baridi ya Makete, lakini hiyo si safari ya watoto wadogo.

Jumapili mtakapopanda basi la kurudi, kifungeni chungu chenu kwa kanga na kumpa mtoto akipakate. Asipewe utingo akakirushe juu ya keria. Na tangu Matema hadi Mbeya, msishangae kumwona mtoto akikishika kwa mikono miwili kila basi linapopita kwenye tuta.